Habari ya Jean kutoka Uyole

Mwishoni mwa Julai 2016 tulipata mgeni nyumbani Uyole, Mbeya, mwandishi wa habari kutoka Bujumbura. Alitokea Kigoma kwa basi, safari yake ni Zambia kupitia Tunduma. Jina lake silitaji.

Redio yake ilishambuliwa Mei 2015, lilipotokea jaribio la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi akiwa mkutanoni Dar es Salaam. Vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance, vyote vilizimwa. Wenzake waliokimbilia Kigali wakaanza upya kwa intaneti na WhatsApp, na yeye akawa anawatumia sauti popote alipo.

Usiku ule aliomba blanketi zito. Nikajua ni baridi yetu. Kumbe alijifunika gubigubi na simu yake, mwangwi wa kuta na mbwa wa jirani visiingie kwenye habari. Kirundi sikielewi, ila jina moja lilijirudia: Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu. Alitoka kwake tarehe 22, akaonekana mara ya mwisho Bugarama. Mgeni akarekodi, akafuta, akarekodi tena.

Alipojifunua, jasho likimtiririka, nikamuuliza kulikoni.

"Nimeletewa ujumbe kwamba Jean ameshauawa. Aliyeniandikia hakuona, ameambiwa tu. Kaka, mke wake atanisikia. Nimesema hajulikani alipo, basi. Nikidanganya mara moja nikiwa huku mbali, nani ataniamini tena?"

Mama akaita: "Wanangu, njooni mle, ugali unapoa."

Taarifa ya habari ikawa inaeleza hukumu ya Mahakama Kuu Iringa: askari polisi amefungwa miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia Daudi Mwangosi wa Channel Ten. Nikamsimulia mgeni kuhusu Nyololo, Mufindi, alikouawa tarehe 2 Septemba 2012. Mwangosi alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kifo chake kilikuwa msiba wa ndani. Hasira ilinipanda; miaka 15 niliiona michache mno, na hadi leo naiona hivyo.

Yeye akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

"Mlimzika?"

"Tulimzika. Kwao, hapo Rungwe."

"Na aliyemuua mnamjua kwa jina?"

"Tunamjua. Limesomwa mahakamani."

Akaacha kula. Mama akamsogezea mboga, naye akashukuru kwa adabu, lakini tonge halikushuka tena.

Sauti ile ilikwenda kwa shida, mtandao ukikatikakatika, ikafika kabla hajapanda basi la Tunduma.

Agosti ilipatikana miili miwili katika mto Mubarazi. Mke wa Jean aliitwa kuitazama, akasema mumewe hayumo. Mgeni wangu alinipigia kutoka ng'ambo ya mpaka kunieleza hayo, na habari alikuwa ameshairusha kwa maneno yaleyale: hajulikani alipo. Mpaka naandika haya, Jean hajapatikana.