Mzee wa Ndevu wa North Street

Binti yangu anajiandaa kwa kipaimara. Juzi alikuwa akitaja matendo saba ya huruma ya mwili yanayofundishwa na Kanisa, akafika la sita, akakwama. Nikamkumbuka mama, siku ile tulipotembelea York, Uingereza.

Wageni wengi wakishuka stesheni huvuka daraja la Lendal mbiombio kwenda kuliona kanisa kuu, Minster. Sisi tulianzia kanisa la All Saints, North Street, ng'ambo ileile ya mto Ouse iliko stesheni. Ni mwendo wa dakika chache tu. Nawashauri nanyi mlianzie hilo kabla macho hayajachoka.

Madirisha ya vioo vya rangi tuliyoyafuata yako upande wa kaskazini, usiopigwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo hata mistari myembamba ya nyuso na vidole inaonekana. Ukipiga picha, pima mwanga kwenye kioo chenyewe. Kamera ikifuata giza la ukuta, kioo kitatoka cheupe pe.

Dirisha moja, la mnamo 1410, linaonyesha siku 15 za mwisho wa dunia. Lisome kuanzia chini kushoto, uende kulia, kisha upande juu kwenye mstari unaofuata: bahari inafura, baadaye inawaka, nyota zinaanguka. Ukianzia juu utakutana na moto wa mwisho kwanza.

Mama hakukaa hapo. Alisimama mbele ya dirisha la matendo ya huruma. Mzee mmoja mwenye ndevu yumo katika kila picha: analisha, ananywesha, anapokea wageni, anavika, anatazama wagonjwa, anafikia wafungwa. Mama hajui Kiingereza, ila alisoma yote kwa sauti ya chini, kidole kikifuata hewani: "Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula... nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Nilimwonyesha rangi ya manjano: fundi hupaka mchanganyiko wenye madini ya fedha nyuma ya kioo, akakichoma tanurini, kisha vipande huunganishwa kwa vipapi vya madini ya risasi. Alitikisa kichwa tu, akaendelea kuhesabu.

"Mbona sita? Kuzika kuko wapi?"

Nikamwambia Mathayo 25 ina sita. Kuzika wafu kuliongezwa na Kanisa baadaye. Hilo lilimtosha. Halafu akauliza mzee ni nani. Wengi huamini ni Nicholas Blackburn, mfanyabiashara tajiri, meya wa York mwaka 1412.

"Alijichoresha mwenyewe akitoa sadaka? Na ule mkono wa kushoto usiojua ufanyalo mkono wa kuume?"

Minster tulifika mchana, tukaona dirisha kubwa la mashariki alilolisimamia John Thornton kati ya 1405 na 1408, tukazunguka kipande cha ukuta wa mji. Mama alirudia swali lake garini. Nilimjibu kwamba wasiojua kusoma walijifunza huruma kupitia dirisha lile, na bila fedha za tajiri lisingekuwepo. Akasema huenda, lakini uso wa yule aliyepewa mkate yeye angeuweka mkubwa zaidi. Nimelitazama tena mara nyingi tangu hapo, na bado sijaamua nani kati yetu alikuwa na haki.