Lori, meli, kisha lori tena: ninavyosafirisha shehena ya ndani ya nchi bila kuifungua njiani

Shehena ikienda kwa lori peke yake, dereva husimama kila baada ya saa chache, akazunguka gari, akakaza mikanda iliyolegea, safari ikaendelea. Baharini hakuna wa kufanya hivyo. Kontena likishapigwa lakiri halifunguliwi mpaka kwa mpokeaji, na meli inayoyumba mara moja kila sekunde 12 huyumba mara 7,200 kwa siku. Kwa hiyo safari inayochanganya barabara na bahari naipanga hivi: uzito nauamua kwa kuitazama barabara, ufungaji nauamua kwa kuitazama bahari.

Kontena la futi 20 likiwa tupu lina kama tani 2.3, na mengi yameandikwa mlangoni kikomo cha kilo 30,480, kontena na mzigo pamoja. Nambari hiyo inaponza. Meli itabeba bila shida, lori litakwama kwenye mzani, kwa sababu barabarani huhesabiwa uzito wote pamoja na wa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Napima lori na trela likiwa na kontena tupu, natoa uzito huo kwenye kikomo cha barabara, halafu naacha tani moja ya akiba kwa mafuta, mbao za kuzuilia na tofauti za mizani. Hesabu hii naifanya kwa pande zote mbili. Lori litakalochukua kontena upande wa pili mara nyingi si la aina ile ile, na likiwa na ekseli chache, hilo ndilo linaloweka kikomo.

Kabla ya kupakia naingia ndani, nafungiwa milango, nasubiri dakika moja macho yazoee giza. Nukta yoyote ya mwanga ni njia ya maji ya chumvi. Natazama hasa kona za juu na mipira ya milango; mpira uliokunjamana hauonekani kwa nje mlango ukiwa wazi. Kontena likivuja nalirudisha. Kuziba kwa gundi saa ya kupakia hakudumu.

Kwenye mpangilio ndipo penye kazi yenyewe. Upana wa ndani ni mita 2.35. Paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo, za mita 1.2 kwa 1 zikipangwa upande mmoja kwa mapana na upande wa pili kwa marefu zinachukua mita 2.2. Zinaingia 9: tano upande huu, nne ule. Inabaki nafasi ya sentimita 15, na watu wengi huiacha kwa kuiona ndogo. Lakini paleti yenye nafasi ya kuteleza inapata kasi kabla ya kugonga, na kila pigo linapanua nafasi hiyo. Naijaza kwa paleti tupu zilizosimamishwa wima au kwa mifuko ya hewa.

Mwongozo wa upakiaji wa 2014 wa vyombo vitatu vya Umoja wa Mataifa, IMO (bahari), ILO (kazi) na UNECE (uchumi wa Ulaya), unaonyesha kwa nini. Barabarani, breki za ghafla zinasukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kona kwa asilimia 50 pembeni. Baharini nguvu ya pembeni huanzia asilimia 50 na kufika 80 bahari ikichafuka sana. Chukua paleti ya tani moja: mbao juu ya sakafu ya mbao hujishikilia kwa kama asilimia 45. Kwenye kona ya barabara zinabaki kilo 50 za kuzuia. Kwenye bahari chafu zinabaki 350, mara saba zaidi. Mkanda uliotosha kwenye lori hautoshi hapo. Pete za sakafuni kwa kawaida huhimili kilo 1,000 kila moja, za ukutani 500, kwa hiyo nategemea zaidi kuzuia kwa mbao kuliko kufunga. Mlangoni napitisha mbao kutoka nguzo hadi nguzo ya kona, mzigo usiegemee milango.

Unyevu nao ni adui. Mchana kontena hupata joto, usiku dari linapoa na maji yanadondokea mzigo, hata kama mvua haikuingia. Maji hayo mara nyingi hutoka kwenye mbao mbichi za paleti. Natumia paleti kavu na kutundika mifuko ya kufyonza unyevu.

Muda nauhesabu kurudi nyuma kutoka saa ambayo bandari inafunga kupokea makontena ya meli hiyo. Lori la upande wa pili nalithibitisha meli ikishashusha, si kwa ratiba yake. Likiwahi, linalipisha kusubiri. Likichelewa, siku za bure bandarini zinaisha na gharama za uhifadhi zinaanza. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono, namba ya lakiri inaandikwa kwenye hati na kupigwa picha. Kasoro isiyoandikwa kabla ya sahihi huwa haina mwenyewe. Bima nakata moja, kutoka ghala hadi ghala.

Kwa shehena isiyoingia kwenye kontena natumia meli ya kupakia magari. Trela linapandishwa peke yake, kichwa cha lori na dereva wanabaki, maana nauli huhesabiwa kwa urefu. Sharti trela liwe na pete za kufungia minyororo, na kama lina springi za upepo, upepo utolewe, la sivyo trela linanesa na minyororo inalegea.

Njia fupi siipitishi baharini. Gharama za kupandisha na kushusha kwenye bandari mbili ni zile zile hata safari ikiwa fupi, na ni umbali ndio unaozifidia.

Mwisho wa safari, kabla ya kukata lakiri napitisha mkanda imara mbele ya milango yote miwili, kisha nafungua wa kulia sentimita chache na kuchungulia. Paleti iliyoegemea ndani humwangukia aliyeshika komeo.