Bluu kwenye Dole Gumba

Kaka yangu alipofungua begi pale sebuleni kwetu Kimara, Dar es Salaam, Desemba 2016, zawadi yangu ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa kwenye taulo na suruali mbili za jinzi. Lilikuwa tufe la bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe ili liangushe pini, la samawati lenye michirizi myeupe kama povu la bahari, uzito wake kilo tano na nusu hivi. Nililipapasa lote nikitafuta matundu ya kuingiza vidole. Halikuwa na hata moja.

"Kaka, sasa hili nalishikaje?"

"Litatobolewa. Tufe halitobolewi mpaka mkono wa mwenyewe uwepo. Mimi nilikuwa Houston, mkono wako ulikuwa huku."

Akanieleza kwamba huko Marekani kumbi nyingi za bolingi zina kiduka pembeni, na humo mna mtaalamu mwenye mashine yake. Alipokwenda kununua tufe lake mwenyewe, mtaalamu hakumuuliza anataka rangi gani wala la bei gani. Alimwambia alete mkono. Akaupima kidole kwa kidole, akaandika kwenye kadi, na baada ya hapo ndipo wakazungumza habari za tufe. "Ukipata fundi," kaka aliniambia mara mbili, "hakikisha ameushika mkono wako kwanza." Nilimsikia vizuri, na bado sikumfuata.

Nilikuwa nimecheza mwaka mzima, kila Ijumaa jioni, na wenzangu wa ofisini kwenye ukumbi mmoja upande wa Msasani. Matufe ya ukumbi yametobolewa ili kila mtu ayatumie, kwa hiyo hayamkai mtu yeyote sawasawa. Vidole vyangu ni vyembamba. Tundu la dole gumba lilinipwaya kila mara, na kitu kikikupwaya mkononi unakibana kisianguke. Ubane kilo tano jioni nzima uone. Kufika mchezo wa tatu mkono uliniuma hadi kiwiko, na chini ya dole gumba palianza sugu ngumu kama ya mtu anayetwanga. Tena kubana kunaharibu mchezo wenyewe. Pini kumi zimesimama mita 18 mbele yako, na ili tufe lifike huko likiwa na akili yake, dole gumba lazima litoke kwanza, kidole cha kati na cha pete vifuate. Anayebana, dole gumba lake huchelewa, na tufe linaingia mtaroni, pembeni mwa njia yake.

Kaka akarudi zake Januari. Pale ukumbini niliuliza nani anatoboa, wakaniambia wao hununua matufe yakiwa tayari na matundu. Basi nikalipeleka kwenye karakana moja mjini ambayo nilielekezwa. Fundi alikuwa kijana, mpole, mwenye uhakika. Akaangalia picha kwenye simu yangu, akasema, "Dada, njoo kesho." Nikaliacha, nikaenda kazini.

Kesho yake nilikuta matundu matatu ya ukubwa mmoja, yote yameelekea moja kwa moja katikati ya tufe. Kufikia matundu ya vidole ilibidi nitanue kiganja mpaka ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ivutike na kuuma. Nikasukuma dole gumba, likaingia. Kutoka likagoma. Tulilitoa kwa maji ya sabuni, kijana akiwa ameshika tufe kwa mikono miwili na mimi nikivuta, na ngozi ya kiungo ikachubuka. Alikuwa ametoboa nadhifu, kingo zimenyooka, kina sawasawa. Ila mkono wangu hakuwahi kuuona mpaka dakika ile. Nililia kwenye bajaji njia nzima, zawadi ya kaka ikiwa mapajani.

Likakaa chini ya kitanda hadi Machi. Mwenzangu ofisini ndiye aliyesema baba mkwe wake alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, amestaafu, ana kibanda chake Gerezani. "Yule akitengeneza kitu hakirudi," alisema. Jumamosi nikapanda basi la mwendokasi na tufe kwenye kapu la ukili. Mama mmoja akaniuliza kama ni boga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kaa hapo kwanza."

Nikaanza kulitoa tufe. Akanizuia kwa kiganja. "Hilo nitaliona. Nipe mkono."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia pale. Mtu ambaye hakuwahi kuuona mchezo huu hata siku moja alianzia palepale alipoanzia yule mtaalamu wa Houston. Akaugeuza mkono wangu juu na chini, akanambia niuache uning'inie tu, nisiukaze. Aliangalia dole gumba linaelekea wapi likiwa limelegea, akalirudisha nyuma polepole kuona linakunjika kiasi gani. Langu halirudi sana nyuma. "Basi tundu likisimama wima kama lile la mwanzo litalikaba," akasema. "Hili linataka kulala kidogo, lifuate mfupa."

Akachukua kipande cha ubao wa msonobari, akakitoboa matundu mengi yaliyozidiana ukubwa, kuanzia milimita 18 hadi 26, nusu milimita kwa nusu milimita. Nikajaribu kidole kimoja kimoja mpaka nikapata tundu ambalo kidole kinagusa ukuta wote bila kusukumwa. Dole gumba likakaa kwenye 22. Akaandika. Halafu akaniagizia chai na chapati, akanituma nizunguke juani hadi kituoni na kurudi, akanipima tena. Sasa 22 ilibana, 22 na nusu ndiyo ikakaa. "Kidole cha asubuhi si cha mchana," akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikakumbuka kaka alivyonihadithia kwamba wachezaji huko hubandika vipande vya utepe ndani ya tundu la dole gumba, wakiongeza na kubandua kadiri kidole kinavyovimba na kunywea. Nilipomweleza alicheka kwa furaha kabisa. "Basi tunatoboa kwa kidole kilichovimba, halafu tunabandika utepe. Kupunguza tundu ni rahisi, kuirudisha nyama iliyokatwa ndiyo kazi."

Na nyama iliyokatwa ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza. Akanituma Kunduchi, kwa mafundi wa boti za faiba, nikanunue utomvu wao wa plastiki na dawa yake ya kugandisha. Gamba la tufe langu lilikuwa la plastiki ya poliesta, jamaa ya utomvu uleule. Aliyaziba matundu ya zamani kwa kumimina kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa siku tatu, maana ukijaza tundu lote kwa mara moja utomvu hupata joto jingi ukiganda na kupasuka. Viraka vikatoka rangi ya asali kwenye samawati. Nikaviona vizuri hivyohivyo.

Jumamosi iliyofuata akalikalisha tufe kwenye pete aliyoikata kutoka tairi kuukuu, chini ya mashine yake ya keekee ya kusimama, akainamisha meza ya mashine kwa kabari nyembamba. Akaanza na tundu la dole gumba, na kabla ya kutoboa ya vidole alinipima urefu wa mwisho: dole gumba ndani, vidole viwili vimelala juu ya tufe, mkunjo wa kiungo cha pili upite alama ya ukingo wa tundu la kidole kwa milimita 6 hivi. Kipimo hicho kaka alinitumia kwa simu. Yule wa kwanza, mzee alisema akipima alama za viraka, alikuwa amenivuta milimita tisa zaidi. Milimita tisa tu, na mkono wote ulikataa.

Akatoboa na hayo mawili. Harufu kali ya plastiki ikajaa kibandani, unga mweupe ukaanguka miguuni. Vidole viwili vikakaa mara moja. Dole gumba likaingia vizuri, ila katika kutoka kulikuwa na mahali linakwama kidogo sana, siwezi hata kusema wapi.

"Wewe huwezi kusema, lakini bluu itasema."

Akatoa kikopo kidogo cha rangi nzito ya bluu. Alinieleza kwamba kule karakana walipaka bluu ile kwenye mhimili, wakauzungusha ndani ya beringi, na palipochafuka ndipo panapogusana kupita kiasi; wakapakwangua hapo tu, wakapaka tena. Akanipaka dole gumba zima kwa kidole chake, taratibu, kama anayempaka mtoto dawa. Nikaingiza, nikatoa. Akamulika tochi ndani. Pale juu upande wa ndani, alama moja ya bluu, ndogo kama punje ya mtama. Akaviringisha msasa kwenye kijiti, akapasugua mara nne tano, akapafuta, akanipaka tena. Tulifanya hivyo mara saba. Mara ya saba bluu ikatapakaa ukuta mzima, nyepesi, sawasawa. Akazilainisha kingo za matundu mpaka kidole kikipita hakihisi ukingo unaanzia wapi. Mwisho nikamwonyesha jaribio jingine la kaka: nishike tufe, naye apitishe penseli kati ya kiganja changu na tufe. Ikapita kwa kuteleza. Akarudia mara mbili, akaichomeka sikioni.

Akaninong'oneza bei ambayo niliona haya kuilipa, nikaongeza, akarudisha. Kile kipande cha msonobari alikiandika jina langu akakitundika ukutani.

Ijumaa nikaenda Msasani. Tufe la kwanza nililiachia polepole, bila kubana, kwa woga wa mtu aliyezoea kubana. Dole gumba likatoka lenyewe, bila sauti. Vidole vikafuata. Nikasimama pale mstarini nikiutazama mkono wangu badala ya kutazama pini; kwenye pembe za kucha bluu bado haijatoka. Nyuma yangu wenzangu wakapiga makofi, kwa hiyo kuna zilizoanguka.

Nilitoka nje nikampigia.

"Dole gumba?" akauliza kabla sijamaliza salamu.

"Limetoka, mzee."

"Limekwaruza popote?"

"Hapana."

"Kiwiko?"

"Hakiumi."

Kimya kidogo, na nyuma yake nilisikia mtu akigonga bati. "Sawa. Leta tena baada ya mwezi niliangalie."