Nilivyokubali mdogo wangu atolewe maji ya mgongo

Mdogo wangu ni fundi wa kulehemu Kibuye, hapa Kisumu. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu zamani. Alikuwa akilitia pamba na kuendelea na kazi. Homa ilipomshika, zahanati moja mtaani ilimpa dawa za malaria ingawa kipimo hakikuonyesha chochote. Huku kwetu kando ya ziwa, ukitaja homa tu, malaria ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kesho yake alikuwa anatapika, hataki mwanga, na ananiita kwa jina la marehemu mama. Nilipomwinua kichwa anywe maji, mabega yaliinuka pamoja nacho. Shingo haikunji. Tukampakia kwenye tuktuk hadi hospitali ya rufaa.

Daktari wa zamu alimpima shingo, akammulika machoni na sikioni, akaagiza damu itolewe na dawa ianze papo hapo: seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 2 kwa mshipa, kila baada ya saa 12. Alisema homa ya uti wa mgongo ya bakteria haingoji majibu ya maabara. Kisha akaniletea karatasi ya kutia sahihi ili atolewe maji ya mgongo.

Nikampigia baba mkubwa Siaya, maana jambo kama hilo huliamui peke yako. Akafoka: "Usithubutu! Hiyo sindano huua, na asiyekufa hupooza." Kila mtu ukoo wetu anamjua mtu aliyekufa baada ya kuchomwa hiyo sindano.

Sikubishana naye. Nilimwomba daktari anieleze kwanza mimi. Akaweka kidole mgongoni pake, karibu na mbavu za mwisho: uti wa neva wenyewe, ule ulio ndani ya mfupa, unaishia hapa. Akakishusha hadi kiunoni: sindano inaingia hapa, penye nyuzi za neva zinazoelea majini. Yanachukuliwa maji kama kijiko kimoja cha chai, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Kichwa kinaweza kumuuma baadaye, hilo hakunificha. Wengi wanaokufa, akasema, hufikishwa hapo wakiwa wamezidiwa, na lawama ikaishia kwa sindano. Bila hayo maji hangejua kama ni bakteria wa kawaida, kifua kikuu au kuvu, na kila kimoja kina dawa yake.

Nikamwomba ayarudie kwa baba mkubwa kwenye simu, kwa Kijaluo. Alimwita "baba", akamsikiliza mpaka akamaliza kufoka, ndipo akaeleza. Mzee akanung'unika, "Haya, ni juu yenu." Kwa baba mkubwa wangu, hiyo ni ruhusa kabisa. Nikatia sahihi.

Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, mimi nikimshika asijinyooshe. Maji yalidondoka tone kwa tone kwenye vichupa. Yanatakiwa yawe maangavu kabisa, yasiyo na rangi. Yake yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Maabara ikasema ni nyumokokasi, bakteria wale wale wanaoleta nimonia, na daktari aliamini walipitia kwenye lile sikio.

Wodini kazi kubwa ilikuwa ya kwangu. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kuhakikisha kichwa kimeinuliwa, kumpa uji kwa mpira wa puani chini ya macho ya muuguzi. Usiku wauguzi ni wachache na wagonjwa wamejaa, kwa hiyo saa za sindano niliziandika kwenye daftari. "Sista, samahani, saa tatu imefika." Hakuna aliyenikasirikia. Mkono ulipovimba penye kanula, ule mrija wa dawa wa mshipani, nilisema mara moja ikahamishwa.

Majirani wa ploti waliogopa kuambukizwa. Daktari alinieleza kwamba watu wa nyumbani hupewa vidonge vya kinga ikiwa ni meningokokasi, bakteria wengine wanaoleta ugonjwa huu, si hii nyumokokasi. Watoto nchini wanachanjwa dhidi ya nyumokokasi tangu 2011, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama mmoja wa plotini alikimbilia kadi ya mwanawe na kukuta chanjo moja imerukwa.

Fahamu zilipomrudia, niligundua ananijibu nikiwa upande wa kulia tu. Ugonjwa huu huharibu masikio, kwa hiyo nilisisitiza apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa, wakati dawa za karibu wiki mbili zinaisha. Sikio la kushoto halisikii karibu kitu. Amerudi Kibuye, ila barabara ya Kondele havuki peke yake. Daktari wa masikio anataka tundu la kiwambo cha sikio lizibwe ili usaha usirudi. Bado tunachanga pesa za upasuaji, na akioga anaziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini.