Tafakari ya Juma: Kuku Yule Alitoka Wapi?

Somo: Luka 10:1–20

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nimeombwa niandike juu ya wanafunzi kumi na mmoja wa chuo kimoja cha Kikristo cha Marekani, waliokaa nasi siku kumi na mbili katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, wilayani Kikuube, hapa Uganda, nami nikawa mkalimani wao. Wengi wenu mliwaona Jumapili ile, wamevaa fulana za rangi moja na kupiga makofi nje ya mdundo kwa bidii ya kupendeza. Nitaandika juu ya jambo moja tu, lililotokea jioni ya mwisho, kwa sababu tangu siku hiyo siwezi tena kulisoma somo hili la Luka kama nilivyokuwa nikilisoma zamani.

Jioni ile ilikuwa ya ushuhuda. Mmoja baada ya mwingine alisimama mbele, akaeleza yaliyomgusa, nami nikafasiri. Akasimama binti mmoja, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na moyo mwema kuliko wenzake wote, maana kila asubuhi aliwahi bombani kuwasaidia akina mama kubeba madumu ya maji. Akasema kwamba anarudi kwao akiwa amefundishwa na watu ambao hawana kitu kabisa, lakini wana furaha kuwazidi watu wa kwao wenye kila kitu. Aliyasema hayo huku machozi yakimtiririka, wala hakuwa akijionyesha. Mimi niliposikia maneno yale niliona aibu kuyapitisha, nikasema: “Anasema amefurahi sana kukaa nanyi, na anamshukuru Mungu kwa upendo wenu.” Watu wakapiga vigelegele, nami nikadhani nimefanya hekima.

Sikujua kwamba nyuma, kwenye mikeka, alikuwapo kijana wa darasa la saba anayesoma shule ya papo hapo makazini, ambako masomo ni kwa Kiingereza, naye alikuwa akimnong'oneza bibi yake kila neno kama lilivyosemwa. Bibi huyo ni mjane, mtu wa Boga, upande wa Ituri nchini Kongo, aliyekimbia vita akavuka mpaka na wajukuu watatu. Ibada ilipokwisha alinijia taratibu, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo: “Mwalimu, kama sisi hatuna kitu, ile kuku walikula Jumanne ilitoka wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu kuku yule nilimla na mimi.

Alikuwa mmoja wa kuku wawili wa mama yule, na ndiye aliyekuwa akitaga. Sabuni, chumvi na madaftari ya wajukuu vilitoka katika mayai yake. Mnajua jinsi mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulivyopunguzwa mwaka 2023, hata familia nyingine zikaondolewa katika mgao kabisa, na mnajua kuku ana maana gani katika nyumba ya namna hiyo. Alimpika taratibu kwa moto wa kuni, akamweka katika bakuli lenye mfuniko pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo, na bugali, akamtuma mjukuu atuzungushie birika la maji ya kunawa, kisha akakaa pembeni akitutazama tunavyokula. Wageni wawili watatu waliigusa nyama kidogo tu, wakaiacha, kwa kuwa walikuwa wameonywa na viongozi wao kuhusu matumbo. Siwalaumu, maana hata mimi nikienda ugenini tumbo huniogopesha. Lakini mama aliiona ile nyama iliyobaki.

Sasa turudi kwa Luka. Bwana anapowatuma wale sabini wawili wawili, anawakataza kuchukua mfuko, mkoba na viatu, yaani anawatuma wakiwa wahitaji, watu ambao wasipokaribishwa watalala na njaa. Kisha anawaagiza mara mbili, katika mstari wa 7 na wa 8, wale watakachopewa na wenyeji wao, jambo ambalo kwa Myahudi anayeingia nyumba ya mtu asiyemfahamu halikuwa dogo hata kidogo. Tazameni na utaratibu wenyewe: kwanza wale, ndipo wawaponye wagonjwa, ndipo waseme kwamba Ufalme wa Mungu umekaribia. Sisi tumezoea kuugeuza. Tunahubiri, tunagawa nguo, tunapiga picha, na chakula cha mwenyeji tunakihesabu kuwa mapumziko kati ya kazi na kazi. Eliya naye alifika Sarepta akiwa na njaa, akamwomba mjane wa kigeni mkate kutoka katika konzi ya unga iliyobaki, na unabii wake katika nyumba ile ulianzia hapo, kwa kuomba chakula.

Wale sabini waliporudi, walirudi na furaha, na taarifa yao ilikuwa juu ya pepo waliowatii. Hakuna aliyesema alilala kwa nani wala nani alimwandalia meza, na pengine ndiyo sababu hatujui hata leo jina la mwenyeji wao mmoja. Bwana hakuwakemea kwa furaha yao, ila aliihamisha: “bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni.” Mimi naamini kwamba kando ya majina yao yameandikwa na ya wale waliowalisha.

Yule mama alibatizwa Boga, na kanisa la Boga lina historia inayotuhusu sisi wa Uganda. Mwaka 1896 Apolo, Mganda aliyekuwa amebatizwa mwaka mmoja tu uliotangulia, alitumwa huko kuwa mwalimu wa Injili. Watu walimwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti lake jekundu la kijeshi. Chifu Tabaro wa huko alimpinga vikali, Apolo akateswa na kufungwa, lakini akarudi kwa watu wale wale, akaishi na kufa kati yao mwaka 1933, akazikwa huko huko. Kwa hiyo Neno lilivuka kutoka kwetu likaenda Boga, na sasa limevuka kurudi, limebebwa na mjane mkimbizi mwenye kuku wawili, ambaye tunamwita mtu asiye na kitu.

Nasema “tunamwita” kwa makusudi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda Karamoja na wenzangu wa ushirika kwa juma moja la uinjilisti, na tuliporudi Kampala nilisimama mbele ya kanisa nikasema karibu maneno yale yale ya yule binti, nikapigiwa makofi. Sikutaja kwamba kila asubuhi mzee mmoja alitupa maziwa katika kibuyu kabla wajukuu wake hawajanywa. Vijana wetu wanaokusanya nguo kwa ajili ya safari ya Desemba wamenisikia nikiwaeleza haya, na wengine wamenikasirikia kidogo.

Alfajiri ya kuondoka, mizigo ikipangwa juu ya gari, nilimwita yule binti kando, nikamkiri kosa langu la ukalimani na kumpa swali la mama kama lilivyoulizwa. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba nimpeleke. Mama alikuwa anafagia uwanja. Hakutaka kuombwa radhi. Alimketisha kwenye kigoda, akaingia ndani, akatoka na karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi ya daftari, akasema ni za njiani. Binti akaifungua pale pale, akala, akamwachia mama nusu, nao wakazimaliza wote wawili huku dereva akipiga honi.

Baada ya miezi miwili aliniandikia. Alikuwa anatakiwa kutoa taarifa ya safari mbele ya chuo chao, akataka kujua jina Boga linaandikwaje, mama aitwe nani kwa heshima, na kama ana kuku bado. Nilimjibu aitwe Mama, kama sote tunavyomwita, na kwamba kuku yule aliyebaki ameatamia.