Kutabiri mstari wa ³⁶ArH⁺: hesabu ninavyoipiga

Molekuli ya kwanza ya gesi adimu kutambuliwa angani ni ArH⁺, ioni ya argoni na hidrojeni, kwa data za darubini ya Herschel kutoka Nebula ya Kaa, mwaka 2013. Anayetaka kujifunza kutabiri spektra za aina hii, yaani masafa ambayo molekuli hutoa au kufyonza mawimbi (kila moja ni "mstari"), aanze nayo. Jibu linajulikana, kwa hiyo utaona mara moja hesabu inapokwenda kombo.

Usiishie kwenye isotopu ya argoni 40. Duniani ndiyo zaidi ya 99% ya argoni yote, kwa kuwa inazaliwa na potasiamu 40 inayooza miambani. Nyota hutengeneza hasa argoni 36.

Kwa mkunjo wa nishati, yaani nishati ya molekuli kwa kila urefu wa bondi, natumia CCSD(T), mbinu ya kukokotoa nishati ya elektroni, na aug-cc-pwCV5Z, seti ya fomula za kuelezea elektroni hizo. Nukta ziko kila angstromu 0.02 karibu na urefu wa 1.28, kisha naziachanisha zaidi hadi kufika urefu wa angstromu 4. Elektroni za ndani za argoni lazima zihesabiwe. Hata hivyo, kosa la angstromu 0.001 kwenye urefu wa bondi linausogeza mstari karibu GHz 1, sawa na mwendo wa Doppler wa kilomita 470 kwa sekunde. Kwa mtu wa darubini, utabiri huo haufai kitu.

Ndiyo maana nategemea kipimo cha maabara cha ⁴⁰ArH⁺, J=1–0 (mruko kati ya ngazi mbili za chini kabisa za mzunguko), GHz 615.858, na nadharia naiachia tofauti kati ya isotopu tu. Thamani za m₁m₂/(m₁+m₂), m zikiwa masi za atomu mbili, ni 0.983034 kwa argoni 40 na 0.980355 kwa argoni 36. Zidisha 615.858 kwa uwiano wao, utapata 617.541. Wengi huishia hapo, kumbe bado. Mstari uko karibu na mara mbili ya B, kigezo cha mzunguko wa molekuli. Kinachopimwa ni B₀, yaani Bₑ − αₑ/2, ambapo Bₑ ni ya bondi iliyotulia na αₑ ni athari ya mtetemo, na αₑ haibadiliki kama Bₑ: ukiita mzizi wa uwiano huo ρ, Bₑ inafuata ρ² na αₑ inafuata ρ³. Mkunjo unanipa αₑ karibu GHz 11, na marekebisho yanashusha mstari karibu MHz 15 hadi takriban 617.525, palepale ulipo angani. MHz 15 ni karibu kilomita 7.3 kwa sekunde. Zinatosha kuupachika mstari kwenye wingu lisilo lake. Uzuri ni kwamba hata αₑ ikikosea 5%, mstari hausogei hata MHz 1.

Nguvu ya mstari ina mtego wake. Ioni ina chaji, hivyo dipoli (kipimo cha jinsi chaji zilivyotengana, kwa debye) hutegemea unapoanzia kupima. Anzia kitovu cha masi. Ukianzia kitovu cha chaji za viini, unapoteza debye 0.16 kati ya takriban 2.2, na nguvu ya mstari inapungua karibu 14%.

Kisha tafuta kwenye gesi yenye H₂ kidogo sana. H₂ inaivunja ArH⁺ na kubaki argoni tupu na H₃⁺.