Maji ya Nyando katika Mto Naili

Nilipokuwa shule ya msingi katika nyanda za Kano, nchini Kenya, tulifundishwa kwamba Mto Naili huanzia Jinja, nchini Uganda, nasi tuliandika hivyo katika mtihani tukapewa alama. Hakuna aliyetuonyesha Mto Nyando, ambao kila masika ulivunja kingo na kuingia mashambani mwetu, akatuambia kwamba nao ni sehemu ya Naili.

Nyando huteremka kutoka vilima vya Nandi na kuingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, karibu na Kisumu ninakoishi sasa. Sondu Miriu, unaotoka Mau, huingia ghuba hiyohiyo, huku Yala na Nzoia ikimwaga maji yake kaskazini zaidi, katika ziwa lenyewe. Nzoia hukusanya maji ya Cherang'any na Mlima Elgon, ukapita Webuye na Mumias hadi Budalang'i, ambako mafuriko yake yanajulikana nchi nzima. Hata hivyo, mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani ni Kagera, unaoleta maji ya Rwanda na Burundi. Yote hukutana katika ziwa hilo, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ambalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ndio huo wa Jinja.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kulisoma somo hili kwa makini ni kwamba maji mengi ya ziwa hayapiti mlangoni humo kamwe. Ziwa ni pana sana lakini halina kina kirefu, wastani wa mita 40 hivi, na jua la ikweta hulichoma mwaka mzima, kiasi kwamba sehemu kubwa ya maji yake hupanda angani kama mvuke. Vilevile, mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe hulijaza kuliko mito yote kwa pamoja. Kwa hiyo tone lililotoka Nandi lina nafasi kubwa zaidi ya kugeuka mvuke na kuturudia katika mvua za radi tunazozijua sisi wakazi wa huku kuliko kuiona Misri.

Yale machache yanayotoka hupita kwanza katika bwawa la Nalubaale, lililokamilika mwaka 1954 na kuyafunika maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia John Hanning Speke mwaka 1862. Kisha huvuka Ziwa Kyoga, huanguka Murchison, hugusa Ziwa Albert na kuingia Sudani Kusini kupitia Nimule. Hapo ndipo penye hasara kubwa. Katika kinamasi cha Sudd, jina la Kiarabu lenye maana ya kizuizi, mto hutawanyika kati ya mafunjo na matete, na karibu nusu ya maji yake hupotea kwa mvuke. Yanayosalia huongezewa nguvu na Mto Sobat kabla ya kufika Khartoum na kukutana na Naili ya Buluu, inayotoka Ethiopia.

Takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba mchango wa ziwa letu ni mdogo mno kuzungumziwa. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa hesabu ya mwaka mzima huficha majira. Naili ya Buluu hufurika kuanzia Julai hadi Septemba, kisha hunywea, ilhali Naili Nyeupe, yaani mkondo huu unaotoka ziwani kwetu, kwa sababu ziwa na kinamasi huyazuia maji na kuyaachilia polepole, hubadilika kidogo tu. Kwa karne nyingi, kabla ya Ethiopia kuanza kujenga bwawa lake kubwa katika Naili ya Buluu mwaka 2011, mwezi wa Aprili, wakati Nyando ulipokuwa ukivunja kingo zake huku Kano, sehemu kubwa ya maji yaliyopita Khartoum kuelekea kaskazini ilikuwa ya Naili Nyeupe.